Jina la Prakop Lilisomwa Mara Mbili

Anisya aliacha shule darasa la tatu, siku mama yake alipoanguka zizini na kuvunjika nyonga, na hakurudi tena. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe wa kukamua na mdogo wake, Arkadz, wa kupikiwa uji. Arkadz alisoma. Alikwenda mjini na koti ambalo dada yake alimshonea kwa kufumua koti la marehemu baba yao, akarudi na kofia ya polisi. Kijiji kizima kilisema Anisya ndiye aliyemfikisha hapo. Anisya alipoyasikia hayo aliona haya, akafurahi kimoyomoyo, akaenda zake kukamua ng'ombe wa shamba la pamoja, alfajiri na jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka vidole vikapinda na visinyooke tena.

Magazeti aliyasoma polepole, kwa kidole. Kuandika kulimshinda. Ndiyo maana kwa miaka ishirini majina ya kanisani aliandikiwa na wifi yake, Taisa, mke wa Arkadz, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa mwalimu.

Kanisani kwao karatasi za majina ni mbili. Ya kwanza ni ya walio hai, waombewe afya. Ya pili ni ya marehemu, waombewe pumziko. Padri huzisoma kwa sauti, kila moja kwa wakati wake, na hakuna kikongwe katika kijiji kile asiyetega sikio kusikia nani kaandikwa wapi. Kumweka aliye hai kwenye karatasi ya marehemu ni kumzika huku anapumua. Watu wamegombana vizazi vitatu kwa jambo hilo. Na kumwacha marehemu kati ya walio hai ni kumfungia mlango nje wakati wa baridi.

Karatasi za Anisya hazikuwa na mambo mengi. Kwa walio hai: Prakop, Arkadz, Taisa. Kwa marehemu: Prakop, Yeudakia, Tsimafei. Prakop marehemu alikuwa baba yake, na Yeudakia mama yake. Prakop aliye hai alikuwa mwanawe, mtoto wa pekee, aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya babu kufa na kupewa jina lake. Tsimafei alikuwa mumewe. Pombe ilimlaza mtaroni mwezi wa Januari, na baridi ya Januari kule haimsubiri mtu alale usingizi wake uishe.

Ukaja mwaka wa kura. Watu waliulizwa maswali kadhaa kwa mkupuo mmoja, na mojawapo lilikuwa kama wanataka adhabu ya kifo ifutwe nchini. Upigaji kura ulifanyika katika ukumbi wa shamba la pamoja. Kulikuwa na akodioni, na meza yenye soseji na mikate mitamu ambayo dukani ilikuwa haijaonekana tangu kiangazi. Arkadz alisimama mlangoni amevaa sare.

"Dada, mbona unaikodolea macho hiyo karatasi kama ng'ombe aliyeona lango jipya?"

"Maneno mengi. Hili linasemaje?"

"Hilo linauliza kama wauaji waachwe wazeeke kwa mkate wa serikali. Unataka?"

"Nani anataka?"

"Basi weka alama hapa," akasema, akagusa kwa kidole. "Hapo. Umemaliza. Nenda kachukue soseji kabla hawajaimaliza hawa."

Anisya aliweka alama. Karibu kila mtu ukumbini aliweka palepale, na nchi nzima vilevile. Wauaji walikuwa watu wa mbali, watu wa kwenye televisheni. Alirudi nyumbani na mikate mitamu sita, akampa Prakop minne.

Miezi sita baadaye, mzee Hardzei na mkewe waliokuwa wakiuza mbao kando ya barabara kuu walikutwa wameuawa kwa shoka jikoni kwao. Waliokamatwa walikuwa wawili: Slavik, mtoto wa mwenyekiti wa shamba la pamoja, na Prakop wa Anisya.

Prakop alikuwa mlevi kama baba yake na mvivu kuliko baba yake. Anisya hakuwahi kumsema vingine. Alikubali kwamba walikwenda kuiba. Lakini yeye, alisema, alibaki getini amemshika mbwa, kwa sababu mbwa wa Hardzei alimzoea. Aliposikia kelele alikimbilia ndani, akateleza kwenye damu, ndipo nguo zikaharibika. Alisema hivyo siku ya kwanza, akasema hivyo ya pili na ya tatu.

Siku ya nne Arkadz alikuja kwa Anisya, akavua kofia, akaketi karibu na jiko la matofali. Anisya alimwekea mikate ya viazi na maziwa ya mgando. Hakugusa.

"Dada, nisikilize vizuri, maana nasema mara moja. Mtoto anajiharibia. Anabisha. Mahakama haipendi mtu anayebisha."

"Anasema alikuwa getini."

"Kila mtu alikuwa getini! Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, sijaona mwizi aliyekuwa ndani ya nyumba. Damu ipo kwenye shati lake. Akiendelea hivi watamwona mkaidi, na mkaidi wanammaliza. Lakini akisema, nilifanya, nilikuwa nimelewa, najuta, basi ni kijana, ni kosa la kwanza, mama mjane, mkamuaji mwenye cheti cha sifa. Watampa kumi na tano. Atatoka ana miaka thelathini na tisa, utamwozesha."

"Aseme ndiye aliyeshika shoka?"

"Aseme wanachotaka aseme. Mimi siwezi kuingia kwake, ni mpwa wangu, watasema napindisha kesi. Nimekuombea dakika kumi. Wewe atakusikia."

"Arkadz, unaniapia?"

Arkadz alitazama picha takatifu iliyotundikwa pembeni, juu ya kitambaa alichokitarizi mama yao, akachora ishara ya msalaba kifuani. "Naapa kwa kaburi la baba."

Anisya akaenda. Dakika kumi zilikuwa saba. Prakop alikuwa amevimba jicho, na jambo la kwanza alilouliza ni kama ng'ombe wao ameshazaa.

"Amezaa dume," Anisya akasema. "Mwanangu, tia sahihi."

"Nitie sahihi nini? Mama, mimi sikumpiga mtu. Nilikuwa nimemshika mbwa."

"Najua."

"Kama unajua, mbona unaniambia hivyo?"

"Mjomba wako ameapa. Kumi na tano. Ukibisha watakuua, Prakop. Mimi mbele yangu nina nani?"

Prakop akacheka kidogo, kama alivyozoea kucheka alipofumaniwa na chupa. "Haya. Mjomba ndiye mwenye elimu katika ukoo."

Alitia sahihi jioni hiyohiyo. Slavik naye akaandika ya kwake, kwamba yeye ndiye aliyekuwa getini amemshika mbwa. Mahakamani karatasi hizo mbili ziliingiana kama mlango na fremu. Slavik alipewa miaka kumi na mmoja. Prakop alisomewa adhabu ya kifo.

Ukumbini kuna watu walipiga makofi. Prakop hakumtazama hakimu. Aligeuka ndani ya kizimba cha vyuma, akamtafuta mama yake kwa macho mpaka akamwona.

"Mama," akasema, si kwa sauti kubwa. "Si ulisema?"

Arkadz alikuwa ametoka nje kuvuta sigara.

Ilibaki barua ya kuomba msamaha kwa Rais. Taisa aliiandika, kurasa mbili safi, na Anisya akaweka chini yake jina lake lililopinda. Watu walisema Rais amewahi kumsamehe mmoja tu. Anisya alijiambia kwamba alikopita mmoja, wa pili anaweza kupita.

Mara moja kwa mwezi alipanda treni kwenda gereza la mji mkuu. Huko kwenye foleni ya kuwapelekea wafungwa mifuko ya chakula alikaa karibu na kikongwe mmoja aliyeitwa Fiokla, ambaye mjukuu wake alipigwa risasi miaka mitatu nyuma, na bado alikuja, kwa mazoea tu, na kwa kuwa foleni ile ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyehama kiti alipoketi karibu naye.

"Wewe ni mgeni," Fiokla alimwambia, "basi nikwambie, maana wale wa dirishani hawatakwambia. Siku ya kuua hawaitaji. Si kwako, si kwake. Wanamtoa kama wanampeleka kuoga, wanamsomea kwamba ombi limekataliwa, wanampigisha magoti, risasi moja nyuma ya kichwa. Mwili hawakupi. Kaburi hawakuonyeshi. Wakati wa baba yangu ilikuwa hivyohivyo, walimchukua kwa gari jeusi wakampeleka msituni, mpaka leo sijui msitu gani. Tangu hapo tumebadilishiwa bendera mara tatu. Hilo peke yake hawakulibadilisha."

"Sasa mtu anajuaje?"

"Utaletewa karatasi, baada ya wiki, baada ya mwezi. Au utaleta mfuko, nao watausukuma urudi. Mimi walinirudishia vitunguu." Akamtazama Anisya miguuni. "Viatu vyako vinaingiza maji. Tia gazeti."

Mkutano wa mwisho ulikuwa wiki moja baada ya Krismasi yao, ile ya Januari. Prakop aliletwa ameinamishwa, mikono nyuma, uso ukitazama magoti, na alipokaa nyuma ya kioo ilimchukua muda kuinua kichwa, kama amesahau kwamba inaruhusiwa. Alikuwa amekonda, meno yakionekana makubwa. Aliuliza habari za dume.

"Tumemchinja," Anisya akasema. "Hata mfuko wako una nyama yake."

"Nilikuwa nampenda bila kumwona." Akacheka. "Mama, kanisani unaniandika?"

"Kila Jumapili. Wa kwanza kabisa. Kabla ya mjomba wako."

"Kwenye ile ya walio hai?"

"Sasa nyingine ipi, mpumbavu wewe?"

"Basi usiache. Humu ndani sijui hata kama ni asubuhi au jioni, taa haizimwi. Lakini Jumapili naijua kwa kengele ya mbali. Nakaa nasema, sasa hivi padri amenitaja, basi nipo. Usicheke."

Anisya hakuwa akicheka.

Februari, alipokuwa akijiandaa kupanda treni, Arkadz alikuja akamwambia asisumbuke. Amepiga simu. Gereza limefungwa kwa mafua, hakuna wageni mpaka Pasaka. Anisya alimshukuru. Alimpa hata kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa apeleke kwa Taisa. Akakaa nyumbani akifuma soksi za sufu, maana Prakop alisema sakafu inamng'ata, na kila Jumapili alimwambia wifi yake: "Prakop kwanza." Taisa aliandika akiwa ameinamisha kichwa, akikinga karatasi kwa mkono wake wa kushoto kama mtoto anayeogopa kuigiwa mtihani.

Ikafika Jumamosi ya marehemu katika Kwaresima, siku ambayo kila nyumba hupeleka mkate kanisani na majina yote husomwa, yote, kwa utaratibu, hata ya waliokufa katika vita. Anisya alisimama mahali pake karibu na nguzo, mshumaa mkononi. Padri Platon alianza na walio hai. Akasoma za watu wengine, akafika za kwao.

"Arkadz. Taisa."

Akaenda kwenye karatasi nyingine.

Anisya alifikiri padri ameruka jina; alikuwa mzee, macho yake si mazuri. Alitaka kwenda kumwambia, lakini katikati ya sala mtu haendi. Akangoja. Padri alihamia kwenye meza ya mikate, akawasha ubani, akaanza marehemu. Ilichukua muda mrefu. Nta ilimdondokea Anisya vidoleni.

"Yeudakia," padri akasoma. "Tsimafei. Prakop. Prakop."

Mara mbili.

Katika kijiji kile Prakop walikuwa wawili tu, tangu zamani. Mmoja alikuwa chini ya msalaba wa mwaloni kwenye makaburi ya juu. Vikongwe waligeuza shingo, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Anisya. Na Anisya akamtazama Taisa, aliyekuwa upande wa pili, mweupe kuliko kitambaa chake cha kichwa.

Hakupiga kelele. Aliweka mshumaa kwenye mchanga, akavuka kanisa zima mbele ya watu, akamshika wifi yake mkono, akatoka naye nje kwenye theluji.

"Lini?"

"Wifi, nisamehe, nilitaka…"

"Lini, Taisa?"

"Tarehe tatu Februari. Karatasi ilikuja katikati ya mwezi. Posta walimpa Arkadz, akaificha kwenye buti lake. Alisema mpaka Pasaka ipite, usije ukaanguka zizini kama mama yenu. Mimi nilikuwa naandika kama ulivyosema, wifi, naapa, nilimweka kwa walio hai. Wiki tatu nilimweka. Halafu sikulala tena. Mtoto amekufa na mimi namwombea afya! Namwona yuko nje dirishani. Jana nikaona, heri nimpe njia yake. Nilidhani padri atasoma haraka."

"Ulidhani padri atasoma haraka," Anisya akarudia.

Walikwenda nyumbani kwa Arkadz, wanawake wawili, mmoja amemshika mwenzake kama anampeleka kituoni. Arkadz alikuwa akinyoa. Aliwaona kwenye kioo, akajua, akafuta povu upande mmoja wa uso.

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri, dada."

"Mwaka jana pia ulingoja wakati mzuri? Kumi na tano, ulisema. Uliapa kwa kaburi la baba."

"Nilidhani watampa kumi na tano. Mimi si hakimu."

"Mwambie," Taisa akasema.

"Wewe nyamaza."

"Sinyamazi! Miezi kumi nimenyamaza, nimeota mvi. Mwambie mwenyekiti alikuja hapa. Alikaa hapo, penye kiti kile. Wifi, ilikuwa usiku wa kuamkia siku aliyokuja kwako. Alisema mmoja lazima aende, wananchi wanataka, na Slavik hataenda, basi Arkadz azungumze na watu wa kwao. Na nyota ya begani ilikuja mwezi uliofuata. Unadhani aliipata kwa kuongoza magari?"

Arkadz aliweka wembe chini. Anisya alimtazama mdogo wake, ambaye yeye alimpikia uji na kumshonea koti, na akatafuta usoni mwake kitu cha kushika. Akaona povu tu.

"Walikuwa wanakwenda wote wawili, dada. Wote wawili! Mimi nilijaribu…"

"Amezikwa wapi?"

"Hakuna anayejua."

"Wewe ni polisi."

"Hata mimi hawaniambii. Ndiyo sheria." Kisha, kwa kuwa alikuwa amebanwa, akatoa meno kama mbwa. "Na sheria hiyo uliitaka mwenyewe. Uliweka alama, nilikuona. Kwa mkono wako."

"Mkono ulikuwa wangu," Anisya akasema. "Kidole kilikuwa chako."

Alidai ile karatasi. Ilikuwa ndogo, ya kawaida, na mahali pa sababu ya kifo palichorwa mstari tu. Siku chache baadaye posta ilileta furushi: shati, kijiko, na soksi kuukuu zilizotoboka visigino. Zile mpya hazikumfikia. Zilikuwa bado kwake, zimekunjwa mezani.

Tangu Jumamosi ile Anisya hakumwambia Taisa neno baya wala jema. Lakini hakumpa tena karatasi zake. Kila baada ya ukamuaji wa asubuhi alipanda makaburini na kalamu ya risasi na daftari la shule, akapiga magoti mbele ya msalaba wa baba yake, akanakili. Jina la mwanawe lilikuwa pale tayari, limechongwa kwenye mwaloni kabla mwenyewe hajazaliwa. Alilipitisha kidole kwanza, herufi moja moja, akiondoa ukungu kwa ukucha, kisha akaliandika. Siku za kwanza herufi zilianguka kama walevi. Za Yeudakia, kwenye msalaba wa pembeni, zilimtesa wiki nzima. Wapita njia walidhani anasali.

Siku ya kutembelea makaburi ilikuja, Jumanne ya wiki ya pili baada ya Pasaka, theluji imeisha. Watu walitandaza vitambaa juu ya makaburi ya wazazi, wakaweka mayai mekundu, mikate na chupa, wakala na kuzungumza na wafu wao. Anisya alifika mapema na koleo. Miguuni pa baba yake alichimba shimo lenye urefu wa mkono, akazika soksi mpya, shati na kijiko. Padri Platon aliona, akajifanya anatengeneza mkanda wa joho lake. Baadaye alikuja akanyunyiza maji matakatifu hapo bila kuulizwa.

Arkadz alikuja na sare na chupa, maana baba alikuwa wake pia. Alisimama upande wa pili wa kaburi. Kwa desturi anayefika humiminiwa na aliyetangulia. Anisya alimimina glasi ya baba, akaimwaga ardhini, ya mama, ya Tsimafei, ya Prakop mdogo, juu ya udongo mbichi. Kisha akaifunga chupa yake, akaiweka kwenye kikapu. Majirani wa makaburi ya pembeni waliacha kutafuna. Arkadz alisimama kidogo na mkono wake uliokuwa umeanza kunyooka, akaurudisha mfukoni.

Jumapili iliyofuata Anisya alipeleka karatasi zake mwenyewe. Auzaye mishumaa, bibi kizee Ksenia, alivaa miwani, akazisoma zote mbili. Kwa marehemu: Yeudakia, Tsimafei, Prakop, Prakop. Kwa walio hai lilikuwapo jina moja, Taisa, limeandikwa kwa kubonyeza mpaka karatasi imetoboka.

Ksenia aligeuza karatasi, akatazama nyuma.

"Anisya, mwanangu. Humu yumo wifi yako peke yake. Umemsahau Arkadz."

"Sikumsahau."

"Basi yuko wapi? Hapa hayupo. Na huku," akashusha sauti, akajichora msalaba, "huku, asante Mungu, hukumweka."

"Nilitaka kumweka," Anisya akasema. "Jumatano nzima nilikaa na kalamu. Halafu nikaona baba yupo kwenye karatasi hiyo, na mwanangu yupo. Kwa nini nimpelekee mwanangu yule mtu?"

Akalipia mshumaa mmoja, akaenda kusimama karibu na nguzo, kungoja padri alisome jina la mwanawe.